Mjusi wa Tendaguru yuko Berlin: Sisi wa Handeni na Korogwe tunapata nini?

Kila mjadala wa mjusi mkubwa wa Tendaguru unapoibuka, swali huwa moja: arudishwe au abaki Ujerumani? Kwa wasikilizaji wetu wa Handeni na Korogwe lipo swali jingine: elimu ya mifupa hii itawafikiaje watoto wa vijijini?

Kwanza tukumbushane. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale, katika kilima cha Tendaguru mkoani Lindi. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla ya hapo. Mamia ya Watanzania wa leo, kwa maana ya babu zao, ndio waliochimba, kisha wakabeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja aliyetangulia kazi hiyo ni fundi Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Mjusi anayesimama Berlin ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mwaka 2018 Serikali ilisema haitadai arudishwe, bali itataka ushirikiano katika utafiti na uchimbaji hapa nchini.

Je, kwetu mifupa ya namna hiyo ipo? Mfupa hugeuka jiwe pale mnyama anapofunikwa na tope au mchanga, kisha tope lenyewe likawa mwamba. Miamba mingi ya Handeni na ya milima ya Usambara ilichomwa na kukandamizwa chini ya ardhi zamani sana kabla ya dinosaria, kwa hiyo mfupa haudumu humo. Lakini ukanda wa pwani ni tofauti. Tangu mwaka 1924 vitabu vya sayansi vina Tangasaurus, mtambaazi wa majini aliyepatikana mkoani kwetu, na ambaye ni wa kale kuliko dinosaria.

Kwa hiyo anayechimba kisima, udongo wa tofali au mchanga akikuta jiwe lenye umbo la mfupa, asilivunje wala asiliuze. Alipige picha kwa simu, aweke sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, alifunike, kisha amwambie mtendaji wa kijiji. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda masalia kama hayo, na kuyapeleka nje bila kibali ni kosa. Mfupa ukihamishwa ovyo, wataalamu hupoteza habari ya mahali ulipolala, na habari hiyo ina thamani kuliko mfupa wenyewe.

Tukirudi kwenye swali letu: safari ya wanafunzi kutoka Handeni hadi Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam ni gharama kubwa kwa mzazi mkulima. Kisanduku cha nakala za plasta, picha na maelezo ya Kiswahili kinaweza kuzunguka shule kwa shule kwa gharama ndogo zaidi. Ushirikiano na Ujerumani ukijadiliwa tena, madiwani na wabunge wetu waulize hilo: shule za kata zimewekwa wapi?