Mwalimu na Hesabu ya Nafasi za Chuo Kikuu

Kabla sijaja kufundisha chuoni hapa, nilifundisha sekondari, na miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo kijana kutoka Kwakoa, katika tambarare za Upare. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, alinijia akauliza, "Mwalimu, nitapata udaktari?" Nikayasoma masharti, nikaona ameyatimiza, nikamjibu, "Usiwe na shaka, kijana wangu." Baba yake akauza mbuzi kwa ajili ya ada za maombi. Kijana akaomba vyuo vitatu, kozi ile ile moja. Hakuchaguliwa popote, akakaa nyumbani mwaka mzima. Yeye hakushindwa mtihani. Aliyekosea hesabu nilikuwa mimi.

Kosa langu ni la walimu wengi: tunachanganya sharti la chini na nafasi yenyewe. Sharti la jumla lililowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa wahitimu wa kidato cha sita ni kufaulu masomo makuu mawili yenye jumla ya pointi 4.0. Kwa hesabu ya A kuwa 5, B kuwa 4, C kuwa 3 na D kuwa 2, D mbili zatosha. Lakini sharti hilo humruhusu mtu kupanga foleni tu. Halimwambii foleni ina watu wangapi. Kozi kama udaktari ina masharti yake ya ziada, na nafasi zake hufungwa na idadi ya wahadhiri, maabara na hospitali za kufundishia. Walio wengi wakiwa na pointi nyingi, mwenye kima cha chini hubaki nje, ingawa hana kosa.

Tena kipimo chenyewe hubadilika. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliondoa desturi ya kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwombaji alitakiwa kwanza afanye kazi na apate mapendekezo juu ya mwenendo wake. Masharti hayo yalilegezwa baadaye. Mwaka 2010 ulianza utaratibu wa maombi ya pamoja kupitia Tume, na tangu 2017 mwombaji hupeleka maombi katika kila chuo mwenyewe. Kwa hiyo mwalimu anayetoa ushauri kwa kumbukumbu za siku zake za uanafunzi hupotosha bila kukusudia.

Je, tufanyeje? Napendekeza hesabu hii ifundishwe darasani kama somo, tena kabla ya mtihani wa taifa. Kila mwanafunzi achore jedwali: kozi anayoitaka, sharti lake katika kitabu cha mwongozo cha mwaka huo, pointi alizopata katika mtihani wa majaribio, na tofauti iliyopo. Kisha azigawe kozi zake katika mafungu matatu: zile zilizo juu ya uwezo wake wa sasa, zilizo sawa nao, na zile anazozizidi kwa pointi kadhaa. Maombi yake yaguse mafungu yote matatu. Mkulima wa nyanda kavu hapandi mahindi peke yake. Hupanda na mtama, kwa kuwa mvua haina ahadi. Wala hatuwezi kusema kwamba haupendi muhindi.

Wako watakaosema kwamba hesabu hii huvunja moyo. Sivyo. Kinachovunja moyo ni kumwacha mtoto ajue ukweli baada ya mbuzi kuuzwa. Wengine hukosea upande wa pili: humwambia mtoto wa shule ya kijijini, "Hayo si ya kwenu." Hilo nalo ni kosa, pengine kubwa zaidi, kwa sababu humnyima hata nafasi ya kujaribu. Jedwali humlinda na makosa yote mawili, maana huonyesha pointi zinazopungua wakati bado ana miezi ya kuzitafuta.

Shule nyingi za Upare zilijengwa kwa msaragambo, wazazi wakibeba mawe na mchanga kwa mikono yao. Walimu wenzangu, wazazi hao hawatudai ahadi. Wanatudai hesabu iliyo sahihi, itolewe mapema, na kwa lugha wanayoielewa.