Aliyetunga Wimbo wa Mstarini

Nilipomwambia babu, hapa Likawage, kwamba shahada yangu ya uzamili inahusu watunzi wa muziki wa klasiki, alicheka. "Hayo ya Wazungu yanatuhusu nini, mjukuu wangu?"

Nikamuuliza nani alitunga sauti ya Mungu Ibariki Afrika. Hakujua. Simlaumu, mimi mwenyewe niliuimba mstarini miaka yote ya shule na jina la mtunzi nikalikuta chuo kikuu.

Ni Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika kwa nota za do, re, mi, zile zile zinazosomwa na kwaya zetu hadi leo. Alifariki mwaka 1905, akiwa na miaka 32 hivi. Mwaka 1961 Tanganyika huru ikaimba sauti yake kwa maneno ya Kiswahili. Kaburi lake lilikuja kutambuliwa miaka ya 1990.

Tunakariri jina la Mozart, na huyu aliyemo midomoni mwetu hatumjui. Halafu tunasema Afrika haina watunzi! Walimu, kesho andikeni jina lake ubaoni. Watoto waimbe wakimjua.