Stempu za Ukumbusho na Umoja wa Sikukuu

Aghalabu husemwa kuwa stempu ya ukumbusho ni shahidi wa udugu baina ya mataifa. Kwetu Afrika Mashariki mfano unaotajwa kwanza ni stempu zilizobeba majina ya nchi tatu kwenye kijikaratasi kimoja. Ushahidi huo, kwa maoni yangu, unastahili kuhojiwa.

Stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza mwaka wa 1935. Hazikuzaliwa na udugu. Zilianzishwa na utawala wa kikoloni kwa manufaa yake. Baada ya uhuru, kila nchi ilijitolea stempu zake za matumizi ya kila siku, ilhali zile za ukumbusho ziliendelea kutolewa kwa pamoja. Hata mpangilio wa majina ulibadilishwa: mara Kenya hutangulia, mara Uganda, mara Tanzania, kana kwamba kusema hapana mkubwa wala mdogo. Hata hivyo, heshima hiyo yote haikuinusuru Jumuiya ya 1967. Ilivunjika mwaka wa 1977.

Je, stempu hizo zilikuwa bure? La hasha! Ila umoja wake haukukaa katika picha. Ulikaa katika makubaliano kwamba stempu iliyotolewa na nchi moja itapokewa katika posta za nchi zote tatu. Aliyenunua stempu ya Kenya aliweza kuibandika kwenye barua akiwa Mwanza au Jinja, na barua ikafika. Huo ndio umoja uliomfaa mwananchi, nao haukuhitaji sherehe.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna funzo hapa. Mkataba wa Jumuiya mpya, ulioanza kutekelezwa tarehe 7 Julai 2000, ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kukiacha Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano mapana. Baadaye wakuu wa nchi waliridhia Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi, na mwaka wa 2021 UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tushangilie, lakini tusitosheke. Kiswahili kinachosikika jukwaani Julai na kukosekana katika miswada, kumbukumbu za vikao na fomu za mipakani ni stempu ya ukumbusho tu. Vyama vyetu vidai tafsiri ya nyaraka hizo, navyo vyuo viwaandae wafasiri wa kuifanya kazi hiyo.