Kikohozi cha Banda si Lazima Kiwe Kifua Kikuu

Mkulima wa Ruiru au Thika akikohoa majuma mawili, makohozi yake na yapimwe kifua kikuu kwanza. Hilo mtu asilipuuze. Lakini yakipimwa tena na tena bila vijidudu kuonekana, na kifua kingali kinalia kama filimbi, maoni yetu ni kwamba yafaa mgonjwa aulizwe: wafanya kazi gani?

Masika yakiingia, robota za majani makavu zilizowekwa na unyevu huota ukungu. Ukizifungua, vumbi lile lirukalo limejaa mbegu za kuvu. Maranda ya kuku yaliyolowana ni vivyo hivyo. Walio wengi huzivuta wasione neno. Bali kwa mwenye pumu, kuvu iitwayo aspajilasi yaweza kuota katika makamasi ya njia za pumzi, na mwili ukaikataa kwa nguvu mno. Hukohoa vipande vizito vya rangi ya kahawia, na picha ya eksirei huonyesha mawingu ambayo ni rahisi kudhaniwa ya kifua kikuu. Madaktari Hinson, Moon na Plummer waliueleza ugonjwa huu Uingereza mwaka 1952, basi si wa jana.

Ili kuutambua, damu hupimwa kingamwili ya mzio iitwayo IgE, ambayo hupanda sana, tena hutazamwa kama ni aspajilasi hasa inayokataliwa. Vipimo hivi vina gharama, na wengi hukata tamaa hapo. Kuchelewa ni ghali zaidi: njia za pumzi hupanuka na kuharibika, wala hazirudi kama zamani. Hata hivyo asije mtu akanunua vidonge vya steroidi dukani. Ndivyo hutumika kutibu ugonjwa huu, lakini kwa mwenye kifua kikuu kilichojificha ni hatari kubwa. Na aliyekwisha anzishiwa dawa za kifua kikuu asiziache kwa shauri lake mwenyewe.

Kwa hiyo Bwana mkulima, nawe mama mwenye kuku, ukienda Hospitali ya Thika au zahanati ya karibu usingoje kuulizwa. Sema una pumu tangu lini, na kama kifua hubana siku ufunguapo robota au uzoapo maranda. Chukua na picha zako za zamani za eksirei, maana mawingu ya ugonjwa huu huweza kutoweka upande mmoja yakatokea mwingine, na daktari atayaona yamehama akiziweka picha mbili pamoja.