Mbona transista hufa mota ikizimwa?

Jumamosi jioni kijana wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, alibisha mlangoni kwangu akiwa amebeba kadibodi. Ndani mlikuwa na pampu ndogo ya kunyunyizia sukumawiki maji, yenye mota ya volti 12, na transista tatu zilizoungua. "Mzee, ikiwaka iko sawa. Nikizima tu, imekufa." Maonyesho ya sayansi shuleni ni Alhamisi, na amebakisha transista moja. Mamake hana pesa za nyingine.

Nilimwambia asimlaumu mwenye duka.

Ndani ya mota mna koili za waya wa shaba. Mkondo wa umeme ukipita humo, koili huwa sumaku, na sumaku hiyo huhifadhi nguvu. Ukikata umeme ghafla, nguvu hiyo haipotei bure. Husukuma mkondo uendelee kupita. Ikikuta njia imefungwa, volti hupanda mpaka ipate pa kutokea. Mota ya volti 12 yaweza kurusha mia moja na zaidi, kufumba na kufumbua. Transista ya kijana, TIP31A, huvumilia 60 tu! Mmarekani Joseph Henry aliandika habari za cheche za namna hii mwaka wa 1832, na kipimo cha koili huitwa henri kwa heshima yake.

Dawa yake ni dayodi moja, 1N4007. Pale Luthuli Avenue bei yake haifiki ya soda. Ifunge sambamba na mota, upande wenye mstari ukielekea chanya. Mota ikiwaka, dayodi imelala. Ikizimwa, mkondo wa koili huzunguka kupitia dayodi hadi uishe, na transista huona kama volti 13 hivi.

Msomaji, tazama mstari huo mara mbili. Dayodi ikigeuzwa huwa njia ya mkato ya betri, na utaunguza vyote viwili. Nawe unayeunda gari la kwenda mbele na nyuma, hiyo moja haikufai. Hapo hufungwa nne, moja kwa kila transista.

Kijana alichomelea yake usiku huo huo, mezani petu. Tuliwasha na kuzima mara hamsini. Ile transista ya mwisho ingali hai. Sasa anauliza kama relei nayo ina koili. Inayo.