Gugu la Midway ni funzo kwa Kenya

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukweli huu umedhihirika Midway, visiwa vidogo vya Marekani katika Bahari ya Pasifiki.

Huko, gugu liitwalo verbesina, lenye maua ya manjano mfano wa alizeti, lilienea na kufunika sehemu kubwa ya ardhi. Asili yake ni Mexico na kusini-magharibi mwa Marekani.

Midway ndiyo makao ya kundi kubwa zaidi duniani la albatrosi wa Laysan, ndege wa bahari wanaotaga ardhini. Gugu hilo, ambalo hupita urefu wa mita moja, huziba nafasi za viota na kuzuia upepo, hata vifaranga wakaelemewa na joto.

Mnamo 2011, idara ya wanyamapori ya Marekani ilianza kulikabili kwa dawa na kwa kuling’oa kwa mikono. Limepungua mno. Hata hivyo, mbegu zake hudumu mchangani kwa miaka mingi. Hivyo basi, anayelegeza kamba leo ataanza upya kesho.

Hapa kwetu, mathenge ililetwa Baringo katika miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuzuia jangwa. Wafugaji wangali wanalia.

Iwapo taifa tajiri linatokwa jasho katika visiwa visivyo na mkulima hata mmoja, sisi tunasubiri nini? Serikali za kaunti zitenge fedha za kung’oa magugu yakiwa machanga, si baada ya malisho kwisha.