Dakar Isiyofika Dakar: Pikipiki Katika Baridi ya Arabuni

Ikifika Januari sisi watu wa pwani huwa tumo ndani ya kaskazi yenyewe. Jua kali, embe za mwisho mwisho zi sokoni, na usiku watu hutandika mikeka barazani kwa joto. Aghlabu hatukumbuki kwamba upepo huo uliokuwa ukiwaleta manahodha wa Maskati na Shihiri hadi Lamu na Mombasa husukumwa na hewa nzito ya baridi iliyolala juu ya bara la Asia. Huku sisi tunajipepea, wenzetu wa kaskazini mwa Arabuni wanaota moto.

Mimi nililikumbuka jambo hili Januari ya mwaka 2026, nilipokuwa kwenye baraza letu la Mji wa Kale, televisheni ya muuza kahawa ikionyesha vijana juu ya pikipiki kabla ya jua kuchomoza, wamejifunika makoti mazito, pumzi zikiwatoka kama moshi. Chini paliandikwa Hail, Saudi Arabia. Nikasema hayo ni mashindano ya Dakar. Ami mmoja, mkubwa wetu pale barazani, akakitua kikombe chake akaniuliza: "Mwanangu, Dakar si ni Senegali? Sasa hawa Hail wamefuata nini?"

Swali hilo la ami halikujibika kwa kikombe kimoja cha kahawa, nami nimeona nilijibu hapa.

Mwaka 1977 Mfaransa mmoja, Thierry Sabine, alipotea na pikipiki yake katika jangwa la Libya, akiwa katika mashindano ya kutoka Abidjan hadi Nice. Akaokolewa, na badala ya kulichukia jangwa akarudi kwao na fikira ya kuwapeleka wengine huko. Tarehe 26 Desemba 1978 msafara wa kwanza uliondoka Paris, na katikati ya Januari 1979 ukaingia Dakar. Aliyeshinda upande wa pikipiki, Cyril Neveu, alipanda Yamaha XT500, chombo cha silinda moja ambacho mtu yeyote aliweza kukinunua dukani. Mwaka 1980 akashinda tena kwa aina hiyo hiyo.

Pikipiki za namna hii nazijua, kwa maana nilipokuwa mtumishi wa kilimo nilipewa ndogo yake. Ni refu kwa miguu, tairi zake zina meno, shokamzoba zake ndefu, nayo ina taa zote za kisheria. Basi asubuhi uko katika lami na mchana uko porini. Nilizunguka nayo kutoka Garsen hadi Kipini, kisha nikahamishwa Wundanyi, huko milima ya Taita. Mchanga wa Kipini ulinifunza kusimama juu ya vikanyagio, uzito niurudishe nyuma, wala nisipunguze petroli hata moyo ukinidunda. Udongo mweusi wa Tana ukilowa hautaki ubishi. Humo unakwenda polepole kama mgeni ukweni. Lakini kilichonishinda kilikuwa kipupwe cha Julai. Nikitoka Voi ni vumbi tupu, nikikwea naingia katika ukungu, na vidole vinakufa ganzi hata sijui kama nimeshika klachi au sikushika. Nilikuwa nikitia gazeti kifuani ndani ya shati kuzuia upepo. (Mhariri atafurahi kujua kwamba kazi yake ilinifaa hata kabla sijaisoma.)

Kwa hiyo nilipowaona wale vijana wa Hail niliwahurumia kwa dhati. Usiku wa Januari kule huteremka karibu na sufuri, nao huondoka kambini gizani, wakaenda mamia ya kilomita kabla ya kufika mahali ambapo saa inaanza kuhesabiwa. Siku moja ni mawe yanayokata tairi, siku ya pili ni vilima vya mchanga. Mwaka 2023 mvua zilijaza mabonde mpaka waandalizi wakalazimika kubadili njia. Mwaka 2024 waliwapeleka katika Rubu al-Khali, lile jangwa kubwa la kusini, wakawapa siku mbili bila fundi: ikitimu saa kumi alasiri kila mtu asimame kambi iliyo karibu naye, apewe hema, chakula na mfuko wa kulalia, alale hapo mpaka asubuhi.

Sasa turudi kwa swali la ami. Afrika iliachwa kwa sababu zaidi ya moja. Kubwa ilikuwa hofu. Mwezi wa Desemba 2007 watalii wanne wa Kifaransa waliuawa Mauritania, na mashindano ya 2008 yakavunjwa siku moja tu kabla ya kuondoka Lisbon. Kuanzia 2009 yakahamia Amerika ya Kusini, na mwaka 2020 yakatua Saudi Arabia, jina likiwa ni lile lile. Lakini hofu hii ilihesabiwa kwa upande mmoja. Mwaka 2006, katika siku mbili zilizofuatana, watoto wawili, mmoja wa Guinea na mwingine wa Senegali, waligongwa na magari ya msafara huo wakafa. Mashindano hayakuhama kwa ajili yao. Mwaka uliofuata yalirudi kuishia kule kule karibu na Dakar.

Na Saudia nayo imetaka nini? Mpango wake wa 2030, uliotangazwa mwaka 2016, unataka nchi isitegemee mafuta peke yake. Septemba 2019 milango ilifunguliwa kwa watalii, miezi michache baadaye pikipiki zikaingia, na mwaka 2021 zikafuata mbio za magari ya Formula 1 mjini Jeddah. Watetezi wa haki za binadamu wanasema haya ni marashi ya kufunika harufu nyingine. Hoja yao haipuuziki: wanawake waliruhusiwa kuendesha vyombo Juni 2018, ilhali baadhi ya waliokuwa wakiidai ruhusa hiyo walikuwa wamekamatwa mwezi mmoja nyuma, na mashindano yalipowasili Januari 2020 wengine walikuwa bado gerezani.

Wako barazani wanaosema ardhi ile haifai michezo. Mimi sikubaliani nao kwa jumla, kwani njia haiingii katika Haram mbili. Lakini mwaka 2024 walipoanzia Al-Ula nilisita. Hapo jirani ndipo Hijr, mji wa Thamud, watu wa Nabii Swaleh, na sote tumesomeshwa chuoni kwamba Mtume alipopita hapo akienda Tabuk aliwahimiza masahaba waharakishe, wala wasiingie isipokuwa wakilia. Leo pamekuwa mahali pa kupigia picha.

Lililonikaa moyoni zaidi ni jingine. Januari 2020 Mreno Paulo Gonçalves, mtu wa miaka 40 na mzoefu wa mbio hizo, alianguka akafa. Kuanzia 2021 kila mpanda pikipiki akalazimishwa kuvaa kizibao kinachojaa hewa anapoanguka, na helikopta zi juu yao. Huku kwetu, tangu serikali ilipoondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, vijana wetu wanapita mchanga, matope na lami kila siku ya Mungu, na abiria wawili nyuma, wengi bila kofia ngumu. Hakuna anayewahesabia saa. Nilipomtembelea jamaa yangu wodini mwaka jana, vitanda vinne mfululizo vilikuwa vya bodaboda, na mmoja wao aliniuliza kama nimeiona pikipiki yake huko nje.

Nilimweleza ami haya yote, kwa ufupi kuliko hivi. Akanyamaza, kisha akauliza safari hii mashindano yameanzia wapi na yataishia wapi. Nikamwambia yameanzia Yanbu, na yataishia Yanbu.

"Basi si wayaite Yanbu," akasema, akamwashiria muuza kahawa amwongeze.